Ndanu Alivyotetemeka Kwenye Bebi Shawa

Nuha, wacha nikuambie ya leo hapa mtaani Jericho!! 😩

Ndanu na mimba yake ya miezi saba alirudi juzi kutoka Busia kwa dadake. Leo, katikati ya sherehe yake ya bebi shawa, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Unajua wageni walifanya nini? WAKAPIGA VIGELEGELE. Vigelegele, Nuha!

Mama mkwe wake: "Tingisha, mama, tingisha!" Simu zote juu, wanamrekodi.

Ndanu akanyakua maiki: "SICHEZI! NAUMWA!"

Tukamkimbiza kliniki. Malaria! Ameanzishiwa dawa, na tunashukuru Mungu moyo wa mtoto unapiga vizuri.

Mama mkwe akamletea zawadi hapo kitandani, rundo la blanketi. Ndanu akaziangalia weee, akauliza: "Na hakuna hata mmoja wenu aliyefikiria neti ya mbu?"