Dawa ya Ukoko Katika Nyumba ya Eda

Jumatatu, 6 Mei

Nimeswali, nimechagua mchele, nimerudi kukaa. Ndiyo kazi ya mjane. Wageni wameanza kuja kabla sijamaliza chai. Wanasema wamekuja kunipa pole, macho yako kwenye kabati. Mmoja kaniuliza kama televisheni bado inafanya kazi. Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, yeye anaulizia televisheni.

Gari la matangazo limepita. Wiki hii wanapuliza dawa ya ukoko ndani ya nyumba zote za mjini hapa Kilindoni. Inapigwa ukutani, mbu akitua anakufa. Vyombo nje, watu nje, mpaka ikauke. Nimefurahi. Binti yangu Saumu yuko hapa, amekuja kujifungulia kwetu. Mimba yake ya kwanza iliharibika kwa malaria. Hii ya pili naogopa hata kuitaja kwa sauti. Mumewe yuko dago, kambini na wavuvi wenzake huko Ras Mkumbi, simu haishiki. Tuko mimi, yeye na mbu.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji Faki kaja. Mdogo wake marehemu Athumani. Kasimama nyuma ya pazia, kakohoa kikohozi chake cha ushekhe, katangaza. Nyumba yenye eda haiingiwi na wanaume. Wapuliziaji ni wanaume. Na mimi nisitoke nje, nitaonekana. Hata uani nisikae, kwa sababu ua wa makuti umelala chini tangu mvua za mwezi uliopita. Kweli umelala. Aliyeahidi kuusimamisha ni yeye.

Nimecheka peke yangu. Huyu huyu anayeonekana msikitini Ijumaa hadi Ijumaa. Yeye mwenyewe si maharimu wangu, lakini haipiti siku hajaingia mpaka jikoni kufunua masufuria. Jana kala mchuzi wa pweza, katuachia mchuzi, pweza hayumo. Dini yake haifiki jikoni.

Nimemweleza kwa upole habari ya Saumu. Kasema mbu ni kiumbe cha Mungu. Panya je? Mbona kafuga paka.

Jumatano, 8 Mei

Wamekuja. Vijana watatu, pampu mgongoni, barakoa usoni. Mimi chumbani, nasikia kila neno. Faki kajipanga barazani kama askari wa geti. Hakuwaacha wamalize hata salamu. Nyumba ya eda hii, nyumba ya eda, kwa sauti ya kutaka mtaa mzima usikie. Saumu kajaribu kusema, kaambiwa mtoto wa kike asiingilie.

Vijana hawakubishana. Wamechora mlango kwa chaki, wameenda nyumba ya pili. Saumu kanisomea: AMEKATAA.

Nani kakataa? Tangu alfajiri nimefunga nguo, nimekusanya vyombo, nimekunja magodoro. Nusu ya mtaa huu nimewafundisha mimi kusoma, na sasa wanasoma mlangoni kwangu kwamba mwalimu wao ni mjinga. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 9 Mei

Jirani yangu Tatu nyumba yake ilipulizwa jana. Leo asubuhi kapaka chokaa. Kuta zote, mpaka juu. Eti dawa imeacha madoa, na wageni wa harusi ya bintiye wanakuja. Kaifunika dawa yote, kisha kaja dirishani kwangu kulalamika kwamba usiku mbu wamemmaliza, dawa yenyewe maji matupu. Huyu nilimfundisha darasa la nne. Kazi bure.

Faki kapita mchana. Kala, kaondoka.

Ijumaa, 10 Mei

Saumu ana homa. Nimemfunika kanga juu ya kanga, meno bado yanagongana. Hospitali kapelekwa na Tatu. Wamempima, ni malaria. Kapewa dawa. Muuguzi kamuuliza kama nyumba imepulizwa, kaona haya kujibu. Chandarua analalia, tena kizima. Lakini mbu hangoji mtu apande kitandani. Anamuuma jikoni, anamuuma ukumbini akinisukia mkeka.

Mtoto hajacheza tumboni tangu jana. Naogopa. Sina neno jingine, naogopa.

Faki kaja kutoa pole. Kasema ni mtihani wa Mungu. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Basi tu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimempigia simu msimamizi wa wapuliziaji. Nimemwambia mwenye nyumba ni mimi, mwenye eda ni mimi, na sijakataa kitu. Kaanza kunieleza umuhimu wa dawa kama anayesoma bango. Nikamkatiza. Kumbe wana mwanamke, anaitwa Rehema, yuko na kundi la Kiegeani. Siku zote yupo. Mji wa Waislamu, wajane kila mtaa, na hao wenye vyeti vyao hakuna aliyewaza kumtuma mwanamke kwenye nyumba ya eda. Wanajua tabia za mbu, za watu hawazijui. Atakuja kesho.

Faki kasikia, kaja mbio. Kwa kuwa wanaume sasa hawamo, kageuza kibao. Mjane hatoki nje hata akiwa na sababu gani. Nimemjibu hapa hapa nyuma ya pazia. Mwenye dharura anaruhusiwa kutoka, hilo hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua. Kama hii si dharura, anionyeshe iliyo dharura. Akasema, watu watasemaje, shemeji?

Hapo ndipo nilipomwona jinsi alivyo. Anachokiogopa ni kijiwe cha kahawa. Anamuua mtoto wa binti wa nduguye ili wazee wa kahawa wamsifu. Namdharau. Nilimdharau kwa pweza, leo namdharau kwa jumla.

Jumapili, 12 Mei

Rehema kaja asubuhi. Mnene, mcheshi, shikamoo yake ya kweli. Kavaa maovaroli yake, katutoa.

Nimetoka. Nguo nyeupe mwilini, mkeka kwapani, Saumu kaniegemea, homa bado inamchoma. Nje hakuna ua, hakuna pa kujificha. Faki yuko njiani anapiga kelele kwamba namvunjia marehemu heshima. Wanaume wa kijiweni wamegeuza shingo. Nilisema moyoni sijali. Uongo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha kaja Tatu. Yule yule wa chokaa, bado imemganda kwenye vidole. Kafunga pindo la kanga yake kwenye mpapai, pindo la pili kalishika juu. Kaja mwingine na kanga yake. Kaja yule wa televisheni. Wametuzunguka, kanga kwa kanga, mimi na Saumu katikati kwenye mkeka, wanapokezana mikono ikichoka. Wamesimama hivyo mpaka Rehema akasema dawa imekauka. Hakuna mwanamume aliyeniona. Faki kabaki anagombana na kanga, mwishowe kaondoka.

Wengine walikuwa wameshachukua shuka na nguo zetu, wamezifua, wamezianika. Sikuwaomba.

Muda wote ule Tatu alikuwa anapiga porojo. Kwamba harusi ikipita atapaka chokaa tena, safari hii ya rangi ya bahari. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimemshika gauni, sijui tangu saa ngapi.

Jumatano, 15 Mei

Homa ya Saumu imeshuka. Jana jioni mtoto kacheza. Kaniita, kachukua mkono wangu, kauweka pale, nikamsikia na mimi. Leo kacheza tena. Saumu kala wali na samaki, kaomba pilipili.

Nimefagia mbu ukumbini. Wengi.

Tangu Jumapili nalala kwa Saumu kumuuguza; leo nimeingia chumbani kwetu kupanga nguo. Chumba kile kilikuwa bado kinanuka Athumani. Udi, na mafuta ya mashine ya boti ambayo hayakuwahi kumtoka mikononi. Kila usiku nilikuwa nalala na harufu hiyo, wala sikujua kama ndiyo inayonilaza. Sasa kinanuka dawa. Nimenusa mto, umefuliwa. Nimenusa koti lake, limefuliwa. Nimenusa hata ukuta upande aliokuwa akilala. Hamna kitu.

Nimekaa kitandani nikalia. Siku ya mazishi sikulia hivi.

Saumu kaniita, chai tayari. Nikamwambia anywe, mimi naja.