Diwani na Tairi za Matope

Sadick, Mwamvita karudi sasa hivi kutoka Kibaha, ana hasira hizo!

Kamkuta diwani wetu kwenye duka la tairi, anachagua tairi za lile gari lake dogo lililoinuka. Muuzaji anamwonyesha tairi pana zenye rimu za kung'aa, yeye anakataa. "Nipe za matope, zenye meno. Ile barabara ya kwetu Kisarawe haijengwi leo wala kesho."

Haijengwi. Kwa mdomo wake.

Na ndiye aliyemsimamia Mwamvita akate mikorosho ya marehemu mumewe, eti ipishe barabara hiyo hiyo. Wengine wamesahau, mimi sijasahau.

Diwani kugeuka akamwona Mwamvita, akachekacheka. "Dada, vumilia, mkandarasi yuko njiani."

"Njia ipi hiyo, mheshimiwa?"

Diwani akamgeukia muuzaji: "Nifungie zote nne."