Mzee Aliyekwama Langoni

Jericho, Nairobi, Agosti 1996. Ni mwaka wa thelathini na moja tangu nyumba yangu ichomwe nikahamia huku.

Mdogo wangu Rispa,

Hujambo? Baridi ya huku inanila magoti. Barua yako nimeipata, na habari kwamba umenipakia chumba chokaa nije Krismasi.

Siku hizi nasoma riwaya tatu kwa zamu, na zote hazina mwisho. Mama Mueni, jirani yangu, hununua vitabu vikuukuu soko la Gikomba afungie karanga anazouza. Huchana kurasa kuanzia nyuma, kisha huniuzia kinachobaki.

"Si uanze mbele?" nilimwambia.

"Mzee, mbele kuna jalada. Nikilichana, wewe nitakuuzia nini?"

Ya wizi na ya mapenzi nimezimalizia kichwani bila shida. Ya tatu ni ya mzee anayerudi kwao, ikakatika akiwa langoni. Wiki mbili nimemfungulia lango hilo kila asubuhi, mara kwa vigelegele, mara kwa chai ya maziwa.

Jana nilifungua karanga zangu nikaukuta ukurasa wenyewe, una chumvi na mafuta. Mwanamke anatoka ndani, anamuuliza kwa upole, "Baba, unamtafuta nani?" Mzee anataja majina. Wote walishakufa.

Karanga sikuzila. Aliyebaki wa kunijua huko ni wewe tu, Rispa, na nilikuacha una miaka tisa.

Chumba mpe mwanao aliyeoa. Kula vizuri, jifunike usiku. Mimi sitarudi.

Kaka yako