Wakwe Wanataka Kula Samaki wa Bustani Yangu

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo pokea salamu tu, mimi ni mama wa hapa Makoko, Musoma, kuandika nimejifunzia kwenye kisomo cha watu wazima kwa hiyo unisamehe, naomba unisaidie.

Nilikuwaga nafanya usafi kwa mzungu mmoja wa mambo ya samaki, alipokwenda kwao akaniachia sanduku lake la kioo, mume wangu Masatu akasema tuhifadhie mahindi, lakini mimi nilishaona mzungu alivyopandaga majani ya ziwani humo ndani ya maji, nikasema na mimi nitalima humo. Sisi kwetu kijijini Buswahili ni watu wa shamba, kwa hiyo nikaanza kama ninavyojua, chini nikatia samadi ya ng'ombe, juu mchanga, nikapanda, nikajaza maji, maji yakawa kama uji wa ulezi na yakanuka hata Masatu akahamia kula nje. Nikamwaga yote, nikaanza upya na udongo kidogo tu na mchanga juu yake, nikalisogeza sanduku mbali na jua la dirishani lililokuwa linaleta utando wa kijani, majani mafupi nikayaweka mbele, marefu nyuma, mawe katikati, na kwa kuwa furu, hawa samaki wadogo wa ziwani niliowatia humo, wanafukuaga miche, mingine nikaifunga kwenye mawe kwa uzi mpaka ikashika. Mshauri, imeota. Mchana majani yanatoa vipovu vidogo vidogo, furu wanapita katikati taratibu kama ng'ombe wanaorudi zizini, naangalia mpaka mboga inaungua jikoni. Balozi wa nyumba kumi alipopita kukagua nani amelima na nani hajalima, akauliza hili ni zao gani, nikamwambia ni majani tu, akafikiri, akaandika mboga.

Sasa shida yenyewe. Binti yangu Kwangu amechumbiwa na Burito wa Mugango, na Jumapili alikuja shangazi yake Burito, anaitwa Wankyo, ndiye mwenye sauti kwao. Nikamchinjia jogoo. Yeye macho kwenye sanduku tu, akasema, "Mkwe, na hao wanangoja mgeni gani?" Nikacheka, nikajua ni utani, nikamjibu, "Hao hawaliwi mkwe, ni wa kutazama." Akasema, "Samaki wa kutazama! Sisi tunawatazamaga wakiwa kwenye sufuria." Akala kipande kimoja cha kuku akanawa. Kesho yake Burito akaja kichwa chini, akasema kwao mgeni akimkuta samaki mzima nyumbani kwako basi ni wake, kumnyima ni kumwambia asirudi tena, na shangazi atakuja Jumapili hii na wazee, wasipoandaliwa furu wale wale, ng'ombe wa mahari watapelekwa nyumba nyingine. Masatu anasema kaanga, samaki ni samaki. Kwangu yeye anafagia tu, uani hakuna tena cha kufagia. Mimi tangu nipate akili nimelima pamba na mihogo, ya kuuza na ya kula, hiki ndicho kitu cha kwanza nimekipanda nikakitazama tu. Nikiwakaanga nitalia mimi, nisipowakaanga atalia mwanangu. Nifanyeje?

Mama Kwangu, Makoko.

JIBU

Mama Kwangu, pole. Kwa ile samadi pia pole, ingawa hiyo uliitafuta mwenyewe.

Usidhani kosa ni la sanduku. Wankyo hakuudhika kwa sababu unafuga furu. Aliuliza habari za samaki, yeye mtu wa Mugango kwa wavuvi, ukamcheka usoni. Hata ungekuwa na jogoo kumi, ungekuwa umeshamwaga mchuzi.

Hao furu usiwakaange. Ni wadogo kama vidole, wazee watagawana miiba, na aibu ya pili itaizidi ya kwanza. Nenda Mugango mwenyewe kabla ya Jumapili, usimtume Burito. Chukua kwa wavuvi sato mkubwa, mzima, umfikishe kwa Wankyo akiwa bado anapiga mkia. Mwambie, "Dada, mimi ni mtu wa shamba, sikujua. Wako ni huyu." Kisha nyamaza. Habari za majani mafupi na marefu usimweleze. Najua utataka. Nyamaza.

Sanduku libaki hapo hapo lilipo. Ukilificha chini ya kitanda watasema ni uchawi, na hapo hata mimi nitakukimbia. Wazee wakiuliza, waambie ni bustani, na hakuna mgeni anayeomba kupikiwa maua.

Sasa sikiliza hili, na hapa nakugombeza. Barua yako nimeisoma yote. Jani la mbele nalijua, la nyuma nalijua, hata uzi uliofungia miche nauona. Binti yako Kwangu nimejua tu kwamba anafagia. Je, anamtaka Burito? Hujaandika, na nadhani hujauliza. Umehesabu kilio chako na chake bila kumsikia analilia nini.

Mwulize leo, mkiwa wawili, Masatu asiwepo. Akisema anamtaka, shika njia ya Mugango kesho asubuhi. Akisema hamtaki, sato usinunue. Jumapili wapokee wazee kwa heshima, waeleze ukweli, na hasira za Wankyo uzibebe wewe, asibebeshwe mtoto.