Mbao za Bei ya Zamani

3 Machi

Shemeji,

Natumai hujambo wewe na wote hapo nyumbani. Huku mimi ni mzima. Kaka yako ni nusu. Daktari anataka damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mshahara wangu wa ualimu, nikishatoa kodi na chakula, unatosha mara moja. Friji nimeuza, kabati nimeuza, nguo zetu ziko kwenye maboksi. Miaka kumi na tisa tumechangia mfuko wa ukoo bila kukosa mwezi, na wewe ndiye mweka hazina. Naomba mtusaidie sasa, angali anapumua.

Mke wa kaka yako

15 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Sisi hatujambo, ila mafua ya watoto. Ombi lako tumelijadili kwa uchungu. Katiba ya mfuko inasema ni kwa misiba tu. Tukiwafungulia mlango wagonjwa, shemeji, nani atazikwa kwa heshima? Lakini hatujawatupa. Jumapili nitakuja na binamu yetu seremala tumjulie hali.

Shemeji yako, Mweka Hazina

28 Aprili

Shemeji,

Wewe hujambo, najua. Watu wa aina yako hawaugui. Jumapili ile nilikwenda kuchemsha maji ya chai, nikarudi nikamkuta seremala amepiga goti kando ya kitanda, futi kaivuta kutoka kisogo hadi kisigino cha mume wangu aliyelala. Akasema anapima kitanda. Mjinga mimi, nikadhani mnataka kumtengenezea kipya. Nikamwongezea sukari.

Leo gari limeshusha jeneza sebuleni kwangu. Lina mishikio ya shaba na kitambaa cheupe ndani. Dereva akanikabidhi kijikaratasi chako: "Mbao zinapanda bei mwezi ujao, tumewahi."

Tumewahi. Nimelisoma neno hilo tena na tena. Fisi tunamsingizia bure, fisi husubiri. Mtu akiwa hai hamna senti, akikaribia kufa mnakimbilia bei ya zamani, halafu mnaiita heshima.

Kaka yako ameamka, akalitazama kupitia mlangoni, akauliza, "Umenunua kabati?" Nikamjibu ndiyo.

Mke wa kaka yako

6 Mei

Salamu.

Seremala amepita hapo kwako, amekuta sebule tupu. Jeneza ni mali ya mfuko. Kikao kinauliza liko wapi. Usituaibishe.

Mweka Hazina

8 Mei

Shemeji,

Salamu yako, moja, imefika. Jeneza nimeliuza. Familia ya mtaa wa pili ilifiwa na babu yao Jumanne. Walilisifu sana, nami nikawaambia fundi ni ndugu yetu. Pesa yote nimeipeleka hospitali, nimelipia mashine mara kumi na moja. Risiti hii hapa, kisomeeni kikao.

Jana kaka yako aliketi mwenyewe, akala, akabishana na redio. Nilipomweleza lile kabati lilikuwa nini, alisema, "Mwambie mdogo wangu lilikuwa fupi."

Basi hizo kumi na moja zikiisha, leteni jingine. Ila mara hii mpimeni akiwa macho.

Mke wa kaka yako, aliye hai