Fundi Mwenye Kidevu

Shoga, nimeacha pindo la gauni katikati. Acha nikuandikie kwanza.

Leo ndiyo siku ya kwanza nimekaa dukani bila barakoa tangu nitoke hospitali. Mama wa duka la viatu kaja kujaribu gauni la harusi ya mwanawe. Kanitazama, kauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

Mwenyewe! Na kwenye cherehani nimekaa mimi!

Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Nilifanyiwa upasuaji wa taya, kile kidevu kilichochomoza kikarudishwa ndani." Unajua bado nasema polepole, meno yamefungwa kwa mipira. Akalikumbatia gauni lake. "Nitamsubiri yule mwenye kidevu."

Yule mwenye kidevu, shoga! Miaka yote namshonea, kumbe ndilo jina langu.

Nikambembeleza alivae, nikapiga magoti, nikabana pini midomoni kama zamani, nimpimie pindo. Midomo bado ina ganzi. Zikadondoka zote miguuni pake. Hapo ndipo akanijua! "Kumbe ni wewe kweli, mla pini! Mbona ulijibadilisha? Sisi tulishakuzoea."

Nikaziokota moja moja. Sikupandisha sauti, unanijua.

"Nyinyi mlizoea kunitazama, mama. Mimi sikuzoea kushindwa kutafuna."

Akavua gauni. Akaliacha mezani, akasema atarudi kesho.

Ile barakoa ya kujifichia nimeijaza vipande vya kitambaa, nimeishona ikawa kimto cha kuchomekea pini. Iko mkononi mwangu sasa hivi. Pindo nitamalizia kesho, yeye mbele ya kioo, na mimi pembeni yake, uso wazi.