Yule Mwanamke Anatafuta Nini, Shangazi?

Shangazi Rukia,

Televisheni imefika mtaani kwetu. Ungekuwepo ungecheka: senema imeingia nyumbani, na wanawake hawana haja tena ya kungoja siku yao. Juzi baada ya alasiri wanangu walikuwa wakitazama picha ya Wazungu wanaotafuta hazina. Ramani iliyochanika, kanisa bovu, mapanga, mfalme wa kale aliyelala ndani ya mlima mpaka ndevu zake zikaizunguka meza. Nikajikuta nalia, upawa wa mchuzi mkononi. Watoto wakadhani nimeungua.

Unazikumbuka Jumatano zetu, siku ya wanawake senema? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa na watoto wadogo, hivyo ukinichukua wewe. Ukinifunika kwa upande wa buibui lako lililonukia udi, tukikata vichochoro kutoka mtaa wetu wa Malindi, njugu tumezifunga kwenye leso. Picha yetu ya hazina ilifanana na hiyo, nayo ilionyeshwa vipande, kila wiki kipande kimoja. Kizungu kitupu, hakuna aliyefahamu kitu. Wewe pia hukufahamu. Lakini ulisimama pale viti vya kati ukatueleza, na ukumbi mzima ukakusikiliza wewe kuliko watu wa kwenye picha. Mfalme wa mlimani ulimwita Sultani Majuto. Wale askari waliovaa chuma mwili mzima ulisema ni majini waliofungiwa ndani ya masufuria. Na yule mwanamke wa nywele fupi aliyepanda mlima pamoja na wanaume, wewe ulisema hatafuti dhahabu. "Anamtafuta mwanawe. Kachukuliwa mdogo, hata meno hajang'oa." Bi Kije, jirani yetu, alilia mpaka kwikwi.

Nami ndiyo kwanza nimeanza Kiingereza skuli, kimenivimba kichwani. Kipande cha nne nikapanda juu ya kiti nikasema kwa sauti, "Muongo! Hana mtoto yule. Kasema anataka dhahabu, basi."

Hukunigombeza. Ulinitazama tu, ukasema polepole, "Haya. Umesoma wewe," ukakaa. Njia nzima ya kurudi hukunishika mkono.

Mama aliposikia hakunipiga, afadhali angenipiga. Alinivuta jikoni akanieleza mambo ambayo nyumbani kwetu hayakutajwa: kwamba uliwahi kuolewa, ukazaa mtoto wa kike, Maryamu, na mumeo alipokuacha alimchukua akaenda naye kwao, kisiwani Ngazija. Mtoto ana miaka mitatu tu. Ulikimbia mpaka bandarini bila ya buibui, ukakuta meli imeshang'oa nanga.

Wiki zilizofuata ulikuja senema, lakini ulikula njugu kimya. Wanawake walikubembeleza, "Bi Rukia, tueleze basi." Ukawajibu, "Mwulizeni msomi." Msomi mwenyewe kajiinamia, anamenya njugu.

Kipande cha mwisho, mwanamke yule akalifikia sanduku. Akalifunua, dhahabu ikamng'aa usoni. Akasema maneno, na nikayafahamu vizuri sana. Nikasimama tena, nikapiga ukelele: "Kampata! Anasema, mwanangu yuhai!"

Vigelegele, Shangazi! Bi Kije alimkumbatia mtu asiyemjua. Wewe hukupiga kigelegele. Uliushika mkono wangu ukaukaza mpaka vidole vikaniuma, na hukuuachia mpaka mlangoni kwetu. Hapo ndipo uliponiambia, "Muongo mkubwa wewe," ukacheka, na macho yamekujaa machozi.

Nikadhani yameisha. Nilikuwa mtoto. Lakini baadaye nilikua, Shangazi, na hapo sina udhuru. Wewe hukujua kuandika. Mimi nilijua. Niliwaandikia majirani barua za posa, za msiba, za kuombea kazi. Wewe sikukuandikia hata moja ya kumwulizia Maryamu. Kila nilipotaka kukugusia niliogopa jibu litakalorudi, nikajiambia labda mwakani. Kisha ukaugua, siku tisa tu, ukaenda zako.

Sasa nshaandika. Jirani yetu mmoja, mwalimu, anakwenda Ngazija kumwona babake, kaondoka jana na barua yangu. Nimeweka jina la Maryamu, la babake, na lako. Pengine hatapatikana. Pengine ameshasahau kuwa ana kwao huku. Au pengine yupo, ana watoto wenye kipaji cha uso kama chako, na wao pia hawawezi kusimulia jambo bila ya kulitia chumvi. Sijui.

Nisamehe, Shangazi yangu. Mungu akupanulie hapo ulipolala. Ijumaa nitakuja kukusomea Yasini. Jibu likija tupu nitaandika nyingine, na nyingine. Na siku nikimpata, la kwanza nitakalomwambia ni kwamba mamake alikuwa akimtafuta kila Jumatano, kwa sauti, mbele ya wanawake wote wa mjini.

Mwanao,
Zena